Ujumbe wa Ada Haupotei

Shule ya msingi ya Kikatoliki kule Mbeya au Iringa haikosi njia za kumfikia mzazi. Ipo barua anayopewa mtoto, inayoibuliwa wiki ya pili chini ya begi, imepakaa parachichi. Yapo matangazo ya mwisho wa Misa, macho ya waumini yakiwa mlangoni. Na lipo kundi la WhatsApp.

Hilo ndilo kituko. Mwalimu anaandika: "Kikao cha wazazi Jumamosi, saa tatu asubuhi." Majibu yanamiminika: Amina, Amina, Amina. Jumamosi wanafika kina mama wachache na mzee mmoja aliyedhani ni kikao cha parokia. Ni Novemba, mvua imeanza. Mahindi hayamsubiri mwenyekiti. Ajenda ya kwanza ada, ya pili michango. Taaluma itajadiliwa "muda ukiruhusu".

Ajabu ni kwamba dawa imo ndani ya Kanisa lenyewe. Katika miaka ya 1970, maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walizipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo. Leo, kuanzia Mwanjelwa ya Mbeya hadi Kihesa ya Iringa, majirani husali sebuleni kwa mmoja wao, na kabla ya kuagana wanajua nani anaumwa na nani kafiwa. Mwalimu mkuu akipita hapo kueleza kwa nini darasa la nne linasuasua kusoma, atasikilizwa hadi birika likauke.

Hapiti. Ila ujumbe wa ada humfikia hata mwenye simu ya tochi, na namba ya akaunti haijawahi kukosewa.