Saa Moja ya Bure

Mkataba wa gari uliandikwa nyuma ya risiti ya duka la spea, ukasainiwa juu ya boneti. Noah moja, watu sita na dereva wao, Mwanza hadi Mabawe na kurudi, siku moja, mafuta juu ya wasafiri. Siku inaisha saa sita usiku. Ikivuka hapo hata kwa dakika tano, ni siku ya pili na italipiwa kama siku ya pili. Mjomba alikisoma kifungu hicho mara mbili, akacheka, akasaini. Saa sita usiku, alisema, yeye atakuwa kwake Nyegezi, amenyoosha miguu, anakoroma.

Mjomba alizaliwa Mabawe, wilayani Ngara, na kwa miaka mingi amewachosha watu wa Mwanza kwa sifa za milima ya kwao. Ukilalamika joto, atakwambia kwao watu hulala na blanketi mbili. Ukisifu samaki, atakwambia kwao kuna ndizi. Siku aliyotangaza kwamba sasa anawapeleka ndugu wakaione hiyo milima kwa macho, Shangazi, ambaye hakualikwa ila tayari alikuwa amefunga kanga ya safari, aliuliza swali la haki: kwani hapa mawe yameisha? Mwanza nzima imekaa juu ya mawe. Bugando yenyewe ni mlima, na Shangazi huupanda kila akienda kuona mgonjwa. Mjomba alimjibu kwamba mlima wenye hospitali juu yake hauhesabiwi.

Ratiba iliachiwa Katibu. Cheo hicho alikipata katika kundi la WhatsApp kwa kosa la kuwa wa kwanza kujibu ujumbe, na yeye ndiye anayeandika haya, ingawa angependa lawama zake zisomeke kwa nafsi ya tatu. Alichukua ramani, akapima kwa vidole. Vidole viwili. Akaandika: kuondoka saa kumi alfajiri, Mabawe saa nne asubuhi, mlima, chakula, kuondoka saa tisa mchana, Mwanza saa tatu usiku. Vidole havikumwambia kwamba ni zaidi ya kilomita 300 kwenda tu, wala havikumtajia hotpoti za Shangazi.

Hotpoti zilikuwa nne. Kuzipanga nyuma ya Noah bila pilau kumwagikia mabegi kulichukua saa nzima.

Ndipo dereva alipowasha gari, na Shemeji, mgeni kutoka Dar es Salaam aliyepewa kiti cha mbele kwa heshima, akaona kioo kidogo cha saa kwenye dashibodi. Kilisomeka 11:05. Simu yake ilisema 5:05. Akamwonya dereva kwamba saa yake imeharibika. Dereva akamwangalia kwa huruma. "Iko sawa kabisa, bosi. Saa kumi na moja na dakika tano."

Na kweli ilikuwa sawa, tena kwa sababu ambayo fundi yeyote wa magari ya mtumba angeweza kuieleza. Japani iko mbele ya Tanzania kwa saa sita. Mswahili naye, anayeanza kuhesabu saa pale jua linapochomoza na si usiku wa manane, anapishana na simu yake kwa saa sita zilezile. Gari likishushwa bandarini na saa ya Kijapani isiguswe, basi linasoma Kiswahili safi maisha yake yote. Sauti ya kike ndani ya redio iliendelea kusema jambo kwa Kijapani, labda kuhusu mkanda, na hakuna aliyeijibu.

Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lilifunguliwa Juni 19, 2025, na kwa mtu aliyewahi kupanga foleni ya kivuko pale Kigongo huku kidumu cha maziwa kikichacha mapajani, kulivuka kwa dakika chache ni kama uchawi. Mjomba alivuka akiwa bado anahesabu muda wa kivuko. Alipogundua kwamba wameokoa zaidi ya saa nzima, aliamuru supu Geita. Supu ikala saa nzima hiyo. Mbele ya Katoro, tochi ya trafiki ikawapata katikati ya kijiji wakiwa kwenye mwendo wa 71 badala ya 50, na faini, kama kila dereva wa nchi hii anavyojua, ni shilingi 30,000. Kosa lilikuwa lao, wakalipa. Dereva alieleza tu kwamba mwendo ule aliombwa na Katibu kwa ajili ya ratiba, hivyo ikatoka mfukoni mwa Katibu.

Bwanga, Biharamulo, Lusahunga. Baada ya hapo barabara inaachiwa malori ya Rwanda na Burundi, na msitu unasogea pande zote mbili. Miaka ya nyuma magari ya abiria yalipita maeneo haya kwa msafara, polisi wenye bunduki wakiyasindikiza kwa hofu ya majambazi. Mjomba alisimulia safari hizo kwa raha ya mtu aliyezipona. Upande mmoja mapori ya akiba ya zamani sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, na Shangazi aliuliza kama simba anaweza kunusa pilau kupitia dirisha lililofungwa.

Benaco walipita kimya. Jina hilo limeachwa na kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara, lakini dunia ililijua mwishoni mwa Aprili 1994, pale wakimbizi wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi wakakaa kwenye vilima hivyo. Mjomba alizima redio, akaonyesha kwa kidole mahali ambapo sasa ni nyasi na migomba, akaiwasha tena baada ya kona ya pili.

Kisha Mto Ruvubu, na ng'ambo ya mto, mlima. Noah lilipanda kwa gia ya pili, likapanda kwa ya kwanza, halafu mshale wa joto ukapanda kuliko gari. Rejeta ilichemka. Maji ya kunywa ya watu saba yakaingia kwenye rejeta, na Shemeji, akiwa kando ya barabara na raba zake nyeupe, alitazama chupa ya mwisho ikimiminwa kama mtu anayetazama mazishi. Wanafunzi wawili wakapita na madumu ya maji kichwani, wakipanda mlima uleule bila kuhema, wakawaamkia kila mmoja kwa zamu.

Walifika Mabawe saa sita mchana. Bibi, mama yake Mjomba, alikuwa amekaa kivulini akichambua maharage. Alisikiliza salamu zote mpaka zikaisha, akauliza wamekuja kwa msiba wa nani. Akaambiwa hakuna msiba, wamekuja kupanda mlima.

"Mlima gani?"

Huu hapa nyuma ya nyumba.

Bibi akauangalia mlima ule ambao ameulima tangu usichana wake, akawaangalia watu waliotoka Mwanza kwa gari la kukodi. Akasema jambo kwa Kihangaza. Mjomba alikataa kulitafsiri, na tafsiri yenyewe haikuhitajika.

Wakapewa kijana wa kuwaongoza, mpwa wa Mjomba, mwendesha bodaboda. Aliulizwa kileleni ni mbali kiasi gani. Akasema: "Hapo tu." Watu wa tambarare wanafikiri neno hilo lina maana ya umbali. Katika nchi ya vilima maana yake ni kwamba mahali panaonekana. Unaweza kupaona asubuhi ukapafikia jioni, na muda wote huo ni hapo tu. Shangazi alifika kwenye mparachichi wa kwanza, akatangaza kwamba yeye ameona vya kutosha, akarudi kumsaidia Bibi maharage. Shemeji aliteleza mara tatu, na raba zikapata rangi ya udongo wa Ngara, rangi ambayo mpaka leo sabuni haijaiweza.

Kileleni palikuwa kama Mjomba alivyosifu, na hilo liliudhi kidogo. Vilima vinapangana kimoja nyuma ya kingine mpaka huwezi kujua Tanzania imeishia wapi na Burundi imeanzia wapi. Simu nazo hazikujua. Ya Mjomba ikalia: karibu Burundi. Ya Shemeji ikafuata, na kwa kuwa alikuwa katikati ya kuwaonyesha watu wa Dar mandhari kwa video, salio lake likakatwa kwa bei ya nje ya nchi na picha ikaganda mdomo wake ukiwa wazi. Ya Katibu ilikuwa imezimika kwa kupiga picha nyingi.

Hapa ndipo jambo lenyewe lilipotokea. Burundi na Rwanda ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Simu inayodaka mnara wa ng'ambo hujirekebisha yenyewe, haiulizi. Kwa hiyo saa nane na dakika ishirini ya Mjomba ikawa saa saba na dakika ishirini. Alipohamia jiwe la pili, ikawa saa nane tena. Akirudi kwenye jiwe la kwanza, saa saba. Mjomba akachoka na simu inayocheza kama mbuzi, akampa mpwa wake aitulize. Kijana akaingia kwenye mipangilio, akazima ile saa ya kujirekebisha yenyewe, akamrudishia. Simu ikatulia. Ilitulia upande wa Burundi.

Kuanzia hapo saa ya safari ikawa ya Mjomba, kwa kuwa nyingine hazikuwa na moto au hazikuwa na msimamo. Kila Katibu alipouliza muda, jibu lilikuja la kupendeza. "Saa tisa kasoro, kaa upumzike." Na jua likamuunga mkono Mjomba, jua ambalo Shemeji alidhani analifahamu.

Saa ya Tanzania imepimwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, na mstari huo haugusi Tanzania hata kidogo. Mji mkubwa ulio karibu nao ni Mogadishu. Ngara iko kwenye nyuzi 30 na ushei, yaani mahali pa saa ya Burundi hasa. Ndiyo maana jua haliji utosini hapo mpaka inakaribia saa saba mchana, na jioni linachelewa kuzama kuliko la Dar es Salaam kwa zaidi ya nusu saa. Shemeji alilitazama, akapima kwa macho ya Kariakoo, akathibitisha: bado mapema. Ukitaka ukweli, Mswahili anayehesabu saa zake kuanzia jua linapochomoza angeishi Mabawe kwa raha zaidi akifuata saa ya ng'ambo. Ila mkataba ulisainiwa Mwanza.

Waliposhuka, Bibi alikuwa ameshapika. Pilau ya hotpoti nne ilikuwa imegawiwa watoto wa jirani, na wageni wakapewa ndizi na maharage, sahani ambazo kila zikipungua zilijazwa kwa nyuma. Kukataa kulijaribiwa na Katibu peke yake. Mkungu wa ndizi ukapakiwa mahali pa hotpoti, kuku akapewa Shangazi ampakate. Mjomba akatazama simu: saa kumi na moja kasoro robo. Wamechelewa, lakini si vibaya.

Dereva, aliyelala ndani ya gari mchana kutwa, akawasha. Yule mama wa Kijapani akasema neno lake. Kwenye dashibodi kikawaka 11:45.

"Saa kumi na mbili kasoro robo," Shemeji akasoma polepole, kisha akageuka nyuma.

Aliyeulizwa kwanza ni dereva: kama alijua, kwa nini hakuwaita? Akajibu kwamba yeye aliajiriwa kuendesha, ukatibu una mwenyewe. Kuanzia Ruvubu hadi Nyakahura hakuna aliyesema neno isipokuwa kuku. Biharamulo walipita gizani. Geita hakukuwa na supu. Njiani Katibu aliona kwa pembe ya jicho kwamba Mjomba ametoa simu, ameitazama saa yake ya Burundi kwa muda mrefu, kisha ameirudisha mfukoni bila kuigusa. Hakuelewa kwa nini.

Alielewa Nyegezi. Gari liliposimama, Mjomba alishuka taratibu, akajinyoosha, akakohoa kama mwenyekiti anayefunga kikao. Akatoa simu, akaionyesha kila mtu ikiwaka gizani: saa tano na nusu usiku. "Tumefika siku ileile," akasema. "Mungu mkubwa."

Dereva akaenda mbele ya taa za gari, akaikunjua ile risiti ya spea, akaisoma yote kwa sauti hadi kwenye saini. Mjomba akasikiliza kwa adabu, kisha akauliza ni wapi palipoandikwa saa sita ya nchi gani. Shemeji akasema hoja hiyo ina uzito. Shangazi, kuku kwapani, akasema yeye anataka kulala, walipe au wasilipe.

Dereva hakubishana. Alirudi kwenye usukani, akageuza funguo nusu, akakaa pembeni ili Mjomba aone vizuri. 6:30.

"Hii imetoka Japani, mzee wangu," akasema. "Haina ndugu Burundi."