Jinsi ya Kupokea Tani Tano Chini ya Sebule

Umenunua nyumba ya mwaka 1910 mjini Scranton au Hazleton, kaskazini mashariki mwa jimbo la Pennsylvania, Marekani. Bei ilikuwa ya kuvutia, na sasa unajua sababu: umeteremka besimenti ukakuta tanuri la chuma lenye kimo cha mtu mzima na, ubavuni mwake, kizimba cha mbao kilichojaa vumbi jeusi. Mtu wa kwanza utakayemwita atakushauri ung'oe vyote. Mimi nakuomba usubiri. Eneo hilo limekalia anthrasaiti, makaa ya mawe magumu yanayong'aa, ambayo huwaka kwa mwali mfupi wa buluu, karibu bila moshi, na yakishashika hukaa na moto usiku kucha. Nyumba yako ilijengwa kwa ajili yake. Kinachowashinda watu si moto, ni adabu zinazoutangulia.

Adabu ya kwanza ni kuagiza makaa ukiwa umevaa shati la mikono mifupi. Juni na Julai muuzaji ana nafasi, lori linaweza kuja siku uliyo nyumbani, na njia ya kwenda kwenye dirisha la besimenti haina barafu. Theluji ya kwanza ikianguka, waliosahau wote hupiga simu asubuhi ileile. Tazama wazee wa mtaa wako: asubuhi hiyo hawaonekani kwenye foleni, kwa sababu makaa yao yako ndani tangu siku za mahindi mabichi.

Kabla ya kupiga simu, jua unataka kiasi gani. "Jaza tu" si jibu. Tani moja ya anthrasaiti ina joto linalokaribia lile la galoni 180 za mafuta ya kupashia nyumba. Ikiwa aliyekuuzia nyumba alikuwa akichoma galoni 900 kwa mwaka, gawanya kwa 180, utapata tani 5. Tani yenyewe ni ya Kimarekani, pauni 2,000, yaani kilo 907. Aliyezoea tani ya kilo 1,000 asimkunje dereva shati kwa kilo 93 anazodhani zimeibwa. Na kama hesabu inakupa tani 8 au 9, weka simu chini, upande darini. Nyingi za nyumba hizo zilijengwa bila kitu chochote cha kuzuia joto ndani ya kuta wala juu ya dari. Ziba nyufa za madirisha, tandika sufi ya kioo darini, kisha upige hesabu upya. Makaa ya mawe hutoa hewa ukaa nyingi kuliko gesi au mafuta kwa joto lilelile, kwa hiyo tani inayopotelea paani ni hasara ya mfuko wako na ya watu wengine pia.

Ukipiga simu utaulizwa saizi, na unaweza kudhani umekosea namba ukalipata duka la nafaka. Rice, yaani mchele, ni punje za milimita 5 hadi 8 hivi. Buckwheat hufika 14. Pea, ambayo ni njegere, huishia karibu 21. Nut huanzia hapo hadi 41, kisha hufuata stove na egg, vipande vikubwa zaidi. Usichague kwa kupendezwa na jina. Tanuri linalojilisha lenyewe kwa mota kwa kawaida huhitaji rice, mara nyingine buckwheat. Likipewa nut litakwama. Tanuri la kulishwa kwa beleshi kwa kawaida huhitaji nut. Likipewa rice, punje zitapenya kwenye chanja ziangukie majivuni hazijaungua, na zitakazobaki zitaziba njia ya hewa. Kama kitabu cha tanuri kimepotea, piga picha kibati cha mtengenezaji umtumie muuzaji kabla hujaagiza. Lori likishamwaga, saizi isiyofaa haibadilishwi ila kwa beleshi, kipande kwa kipande, kupandisha ngazi.

Nimetaja chanja, nayo ndiyo siri yote ya makaa haya. Wahunzi walikuwa wakiyachoma kwa mivukuto, lakini watu wa kawaida waliona ni mawe meusi yasiyofaa mekoni. Tarehe 11 Februari 1808, mjini Wilkes-Barre, mwenye nyumba ya wageni aitwaye Jesse Fell aliyaweka juu ya chanja ya chuma, hewa ikapita kwa chini, yakawaka bila kupulizwa. Kanuni haijabadilika tangu siku hiyo. Jiko la kuni lisilo na chanja halitayachoma vizuri hata ukiyabembeleza vipi, na usijaribu kuyabembeleza kwa mafuta ya taa.

Sasa kizimba. Tani moja huchukua nafasi inayokaribia mita 1.1 za ujazo, kwa hiyo tani 5 zinataka mita 5.5: tuseme urefu wa mita 2.5, upana wa mita 2, na kimo cha mita 1.1. Ukitaka kuokoa nafasi kwa kupandisha kimo, kumbuka kwamba makaa husukuma ukuta, na msukumo huongezeka kadiri unavyokwenda chini. Mbao nyembamba za kupigiliwa misumari zitafunguka usiku, nawe utaamshwa na kishindo cha makaa yakihamia kwenye mashine ya kufulia. Tumia nguzo nene zilizofungwa kwa bolti kwenye sakafu na kwenye boriti za juu, na upigilie mbao kwa upande wa ndani, ili msukumo uzibane kwenye nguzo badala ya kuzing'oa. Upande wa mbele usiupigilie kabisa. Uwe na mifereji miwili ambamo mbao hushushwa moja juu ya nyingine, uziondoe moja moja kadiri makaa yanavyopungua. Wajenzi wa zamani walijua hivyo; chunguza kizimba chako, huenda mifereji ipo bado chini ya vumbi.

Kizimba kisifunike mita ya maji, wala tundu la kutolea maji sakafuni, wala kisizibe njia ya kwenda kwenye sanduku la umeme. Unyevu usikutishe. Anthrasaiti haiozi wala haipotezi ubora kwa kulowa, na kwa rundo la nyumbani haina tabia ya kujipasha moto yenyewe. Makaa laini ya magharibi ya jimbo hilo ni jamii nyingine: hutoa moshi mzito, na marundo yake makubwa yanaweza kujiwasha. Usikubali kuuziwa hayo kwa jina la haya.

Siku ya lori ni siku ya kukaa nyumbani. Siku moja kabla, pima umbali kutoka mahali lori litakaposimama hadi kwenye dirisha la besimenti, umwambie muuzaji, maana mfereji wa bati una urefu wake na dereva hana uwezo wa kuurefusha kwa huruma. Angalia juu: bodi ya lori huinuliwa sana ili makaa yateremke, na nyaya za umeme haziheshimu makaa. Angalia chini pia. Lori lililojaa linaweza kupasua kifuniko cha tangi la maji taka, na dereva hawezi kujua tangi lako liko wapi chini ya majani. Chomeka vijiti kulizunguka. Mwambie jirani aondoe gari lake na aanue nguo. Vyumba vya juu vifunge milango, ziba kwa utepe wa gundi mwanya wa mlango wa ngazi, kisha omba makaa yaje yamelowanishwa. Vumbi litapungua sana, na aliyeyaomba makavu atapangusa sahani hadi wiki ya pili.

Makaa yakiingia hujipanga kama mlima, hayatambai hadi pembeni. Asimame mtu mmoja na beleshi, miwani na barakoa, nje ya njia ya mporomoko, ayasambaze kila dereva anapopumzika. Mkono wake usiingie kwenye mfereji. Mwisho wa kazi mpe dereva maji baridi, na uchukue karatasi ya mizani kabla hajaondoka. Kuidai si kumtuhumu mtu. Ni desturi ya biashara inayouzwa kwa uzito.

Pasipofikika kwa lori, kuna mifuko ya pauni 40, karibu kilo 18. Tani 5 ni mifuko 250, yote ya kuteremshwa ngazi, na kwa tani moja bei huwa juu zaidi. Usiichague kwa sababu ya aibu ya kumwomba jirani asogeze gari.

Ukianza kuchota makaa utakuta vipande vya kijivu visivyowaka. Ni mwamba uliopenya mitambo ya kuchagulia. Siku nyumba yako ilipokuwa mpya, kazi ya kuvitoa ilifanywa na watoto wa kiume walioketi juu ya mifereji ya makaa, migongo imepinda, wengi wao wadogo mno kwa kazi yoyote ya ajira. Lewis Hine aliwapiga picha South Pittston mwezi Januari 1911. Tafuta picha hizo uzione. Kisha kipande cha kijivu kitupe kwa upole.

Majivu ni mengi kuliko mgeni wa makaa anavyotazamia: kila tani huacha kilo 100 au zaidi. Yatoe kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, uiweke nje, juu ya ardhi au saruji, mbali na baraza ya mbao. Majivu yanayoonekana yamekufa huwa na kaa hai ndani. Mji wa Centralia, katika jimbo hilohilo, uko juu ya moto wa chini ya ardhi tangu 1962, na wengi wanaamini ulianzia kwenye takataka zilizochomwa dampo, katika shimo la mgodi wa zamani. Majivu yakipoa kabisa, yamwage kwenye njia yenye barafu, miguu haitateleza. Bustani ya mboga usiipe.

Limebaki jambo ambalo halina utani hata kidogo. Msomaji wa Afrika Mashariki ameshasikia habari za familia iliyolala na jiko la mkaa chumbani na haikuamka. Gesi iliyowaua, kaboni monoksidi, hutoka pia kwenye tanuri lako kama dohani haivuti, na kwa kuwa anthrasaiti haitoi moshi wa kukukohoza, hakuna kitakachokuonya. Fundi akague dohani kabla ya msimu. Kila mwisho wa msimu safisha bomba linalounganisha tanuri na dohani, kwa sababu majivu laini hujaa humo, na yakipata unyevu wa kiangazi hulitoboa. Unapoongeza makaa, usifunike moto wote. Acha sehemu ndogo inayong'aa iwashe gesi zinazotoka, la sivyo zitakusanyika na kulipuka kwa pamoja. Usilifunge bomba ili "kubakiza joto".

Nunua ving'ora vya kaboni monoksidi kabla hujanunua makaa, kimoja besimenti na kimoja karibu na kila eneo la kulala, uvijaribu kila mwezi. Kikilia, usishuke kuangalia tanuri. Amsha kila mtu, tokeni nje, na upige namba ya dharura, 911, mkiwa nje.