Jinsi ya Kuokoa Shilingi 11

Umechukua pikipiki kwa mkopo, steji imekupokea, na sasa unatafuta siri za kazi. Karibu. Huku kwetu, kati ya Nyandarua na Mlima Kenya, hatutupi kitu, hata mteremko. Mwongozo huu ni wa kijana anayetaka kubana matumizi.

Tuanze na huo mteremko. Barabara za Othaya na Mukurwe-ini ni za kupanda ukingo, kushuka hadi mtoni, kisha kupanda tena. Ukifika juu, toa gia, zima injini kabisa, uache mlima ukuteremshe. Hesabu yake ni tamu. Tuseme lita moja inakufikisha kilomita 50. Kilomita 3 za kushuka ni mililita 60, na petroli ikiwa shilingi 180 kwa lita, umeokoa karibu shilingi 11 kabla hujafika darajani. Wazee wa steji watakuambia kwamba gia ikishika, injini yenyewe huzuia gurudumu, na kwamba ukiachia mkono wa mafuta, injini hainywi cha maana ikishuka. Watakuambia pia kwamba breki ya nyuma ikikanyagwa mteremko mzima hushika moto hadi haikamati tena. Wapuuze. Hao bado wana miguu yote miwili. Watajua nini kuhusu ujasiri?

Breki ya mbele nayo usiiguse, kwani kila mtu anajua itakurusha. Wajuao husema kwamba ukipunguza mwendo, uzito wote hukimbilia mbele na gurudumu la nyuma hubaki jepesi, ndiyo maana breki ya mbele ndiyo inayosimamisha hasa, mradi uibane taratibu. Kujifunza hayo kunataka asubuhi nzima uwanjani, na asubuhi ni pesa. Legeza waya wake tu. Itunze kwa ile siku ng'ombe atakapochomoka kwenye majani chai, mvua imetoka kunyesha na udongo mwekundu unateleza kama mlenda. Hapo ikamate yote kwa mkupuo, kwa mara ya kwanza maishani mwako.

Kofia ya kujikinga ivae kwenye kiwiko. Ukikaribia Kiganjo, chuoni wanakofunzwa polisi, ipandishe kichwani. Ukishapita, irudishe kiwikoni. Ya abiria ifunge kwenye tangi, isichakae. Kuna Mwingereza mmoja maarufu, T. E. Lawrence, aliyekuwa na pikipiki ya kifahari na kichwa kitupu, maana yake hakuvaa kofia. Mwezi Mei 1935 aliwakwepa wavulana wawili wa baiskeli, akaanguka, akafa baada ya siku sita. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, hakuisahau kesi ile, na mwaka 1941 alichapisha utafiti kuhusu majeraha ya kichwa na umuhimu wa kofia. Mwaka huohuo Nyeri ilimzika Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, na kaburi lake lina alama ya duara yenye nukta katikati. Kwa maskauti, alama hiyo husema: nimekwenda nyumbani. Nimeona madereva wengi wa boda wakiichora lamini bila kujua.

Siku ya soko Karatina usikatae mzigo. Gunia la kabichi likae nyuma kabisa ya kiti, lipite hata gurudumu, ili abiria apate nafasi, na mwenzake, na mtoto wa mwenzake. Sheria inasema abiria mmoja, lakini sheria haina karo ya kulipa. Ukianza kupanda kilima utahisi usukani umekuwa mwepesi ajabu, kama wa baiskeli ya mtoto. Usishangae: gurudumu la mbele limeanza kuaga.

Kisha kuna barabara pana ya Kenol hadi Marua, kilomita 84, ambako wahandisi waliweka pa kugeuzia mbali na duka unalolitaka. Wewe pita pembeni ukikabiliana na magari. Ukija na kilomita 50 kwa saa na Probox ikija na 100, mnakaribiana kwa zaidi ya mita 40 kila sekunde, kwa hiyo suala lenu litaamuliwa haraka, bila wakili.

Mwezi Julai, ukungu ukishuka Naro Moru usione hata sikio la abiria wako, zima taa. Balbu ni ghali. Vioo vya pembeni ulishavitoa, bila shaka. Vinaonyesha mambo yaliyopita.

Siku moja shosho mwenye galoni la maziwa atakusimamisha juu ya ukingo. Utazima injini kama ulivyofundishwa, upepo uvume masikioni, naye atataja watakatifu wote wa parokia yake kwa zamu. Mkifika darajani wazima, atashuka, atafungua fundo la leso yake, ahesabu sarafu polepole, akupe nusu ya nauli.

"Shosho, tulikubaliana hamsini."

"Injini ilikuwa imezimwa, kijana. Kutoka pale juu hadi hapa nimebebwa na mlima."