Mimi Ni Mtu wa Mikono

Jana asubuhi niliitikia shikamoo nikiwa chali, pikipiki juu ya paja, mahindi ndani ya kola. Watoto waliokuwa wanawahi namba shuleni walisimama kwa adabu, wakaimba kwa pamoja: "Shikamoo mzee!" Ningefanyaje? Nikajibu marahaba, nikawahimiza waende wasichelewe. Hawakwenda.

Mwenye mahindi akatoka ndani na ungo mkononi. Akatazama turubai lake, akatazama njia ya tairi iliyopita katikati ya mahindi, kisha akanitazama mimi. "Baba, wewe huna macho?"

Jibu nilikuwa nalo, tena la maandishi. Mwezi uliopita nilihudhuria semina Mikumi, ada elfu thelathini, soda na andazi humohumo. Mwezeshaji alisimamisha bango kitita, akatufundisha kwamba katika kujifunza binadamu tumegawanyika: wapo wa macho, wa masikio na wa mikono. Tukajaza dodoso. Mimi nikaibuka wa mikono kwa alama zilizowapita wote ukumbini, nikapigiwa makofi kilo tatu na kupewa cheti. Mtu wa mikono, alisema mwezeshaji, haelezwi, anashika.

Ndiyo maana kijana wa bodaboda hapa Kilosa aliponiambia, "Mzee, kabla hujapanda ngoja nikueleze klachi," nilimkatiza. "Usinieleze. Mimi ni mtu wa mikono." Akanitazama kama mgonjwa aliyetoroka wodini, akanipa funguo.

Kumbe klachi ni kitu cha ajabu. Ndani ya injini kuna sahani zimepangwa kama chapati kwenye hotipoti, zimelowa oili. Baadhi zinazungushwa na injini. Nyingine, zilizo katikati ya hizo, zinapeleka mzunguko kwenye gia na mwisho kwenye tairi la nyuma. Springi zinazibana zote pamoja. Ukivuta klachi kwa mkono wa kushoto, sahani zinaachana: injini inanguruma, tairi limetulia kama halihusiki. Ukiachia polepole, zinaanza kusuguana, zinateleza, zinashikana, hadi zinazunguka kama kitu kimoja. Ufundi wote uko kwenye kile kipande kidogo cha kuteleza. Mimi niliachia yote kwa mpigo. Pikipiki ikaruka mbele, mwili wangu ukabaki nyuma, na mkono wa kulia, ukitafuta pa kushika, ukazidi kuvuta mafuta. Hapo ndipo nilipoona uovu wa mtambo huu: unavyozidi kuogopa ndivyo unavyozidi kukimbia.

Haya yote nilielezwa baadaye, nimekaa juu ya jiwe, goti likipakwa dawa. Yalichukua kama dakika nne. Nikaelewa kila kitu, kwa masikio.

Usiku goti halikuniacha nilale, nikasoma. Dodoso linalojulikana zaidi la aina hii ni la Neil Fleming, aliyekuwa mkaguzi wa shule New Zealand. Yeye na Colleen Mills waliliandikia makala mwaka 1992. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler na wenzake, wakauliza swali ambalo sisi wa soda na andazi hatukuliuliza: ushahidi uko wapi? Jaribio la haki, walisema, ni kuchukua watu wa macho na watu wa masikio, kila kundi uligawe kwa bahati nasibu, nusu wafundishwe kwa picha na nusu kwa maneno, kisha wote wafanye mtihani mmoja. Nadharia ikiwa kweli, wa macho watang'ara kwa picha na wa masikio kwa maneno. Tafiti zilizofuata utaratibu huo walizikuta chache mno, na kadhaa kati yake zilipinga nadharia yenyewe. Mtu ana anachopenda, sawa. Lakini wimbo utaingia kwa sikio na ramani kwa jicho, uwe kundi lolote.

Leo nilihamia masikio: nikasikiliza alama za barabarani kwenye simu ndani ya basi la Mikumi, nikapitiliza kituo, nikashukia Ulaya, ile ya Kilosa isiyohitaji viza. Macho nayo: mchoro wa klachi niliouchora ukutani kwa mkaa, mke wangu ameufuta.

Goti litapona, na elfu thelathini nimeisamehe. Nisichosamehe ni hili. Shuleni kwetu dodoso halikuwapo, lakini wa mikono walikuwapo. "Huyu ni wa mikono tu" lilisemwa juu ya mtoto aliyekaa nyuma kabisa asikoweza kuuona ubao, na dawa yake ikawa jembe katika shamba la mwalimu, wenzake wakiwa kwenye hesabu. Sikumbuki hata mmoja wa mikono ambaye baba yake alikuwa na duka.

Kesho saa 12 asubuhi narudi barabarani. Nitasikiliza kwanza, nitamtazama kijana akifanya, ndipo nishike. Mama wa mahindi ameshapewa taarifa. Turubai amelihamishia nyuma ya nyumba.