Namna ya Kuendesha Hoteli Isiyosahaulika

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basil Fawlty, mwenye hoteli katika mji wa pwani wa Torquay, kusini-magharibi mwa Uingereza, hakuwa na subira ya kungoja siku ya tatu. Mgeni akitua begi tu mapokezi, kwake tayari amekaa mno. Basi wewe unayetaka kufungua hoteli, na unataka ikumbukwe hata zile za nyota tano zikisahaulika, okoa ada ya chuo cha utalii. Tafuta Fawlty Towers, vichekesho vya BBC kuhusu hoteli yake, vipindi sita vya mwaka 1975 na sita vya 1979. Kaa chini, shika kalamu.

Anza kwa kujifunza kupanga watu kwa madaraja. Kabwela akija, msemeshe bila kuinua macho kwenye karatasi zako. Akija mwenye cheo, pinda mgongo mpaka kiuno kilie. Katika kipindi cha kwanza kabisa anaingia bwana mmoja anayejiita Lord Melbury, na Basil, aliyekuwa akimfokea kila mtu, analainika kama siagi juani. Anawahamisha wageni waliokwisha kuanza kula ili Lord apate meza nzuri. Begi la thamani la huyo Lord linapofunguliwa, ndani mna matofali. Zingatia somo: Basil hajuti kwa kuwadharau makabwela, anajuta kwa kumnyenyekea tapeli. Mabosi wa namna hiyo unawajua. Nami ninawajua, na huenda mmoja anakulipa mshahara.

Mgeni akilalamika, mshangae. Bi Richards, kikongwe aliyezima kifaa chake cha kusikia ili kubana betri, analalamika kwamba dirisha la chumba chake halina mandhari. Basil anamuuliza alitarajia kuona nini kutoka dirisha la Torquay, na miongoni mwa mifano yake ni makundi ya nyumbu wakikatiza nyikani. Waingereza huvunjika mbavu hapo. Msomaji wa Arusha au Narok atacheka kwa sababu nyingine, maana upande huu hoteli inauza dirisha hilo hilo, nyumbu wakiwamo, tena kwa dola.

Wafanyakazi ajiri kwa bei ya chini, kisha wapige kwa kuwa wa bei ya chini. Manuel, mhudumu kutoka Barcelona, haelewi Kiingereza, na Basil anaamini kwamba kofi ni lugha ya kimataifa. (Mwigizaji wake, Andrew Sachs, wala hakuwa Mhispania. Alizaliwa Berlin mwaka 1930 na familia yake ikakimbilia London kuwaepuka Wanazi. Nao Wahispania walipoingiza sauti za lugha yao, walimgeuza Manuel kuwa Mwitaliano. Kila taifa lina jirani wa kumcheka.)

Sasa kiini cha mwongozo wenyewe, nacho ni uongo. Usiseme uongo mkubwa, huo hauna ufundi. Sema mdogo, wenye nia njema, halafu kataa kuufuta. Siku ya kumbukumbu ya ndoa yao, Basil anajifanya amesahau ili amshtue mkewe kwa sherehe ya siri. Sybil anakasirika, anawasha gari, anaondoka. Marafiki wanaanza kuingia. Neno moja, "Tumegombana," lingemaliza mambo, na kipindi kingekwisha pale pale. Basil anasema mkewe anaumwa. Marafiki wanataka kumwona mgonjwa. Basi Polly, mhudumu wa kike, anavishwa wigi na miwani myeusi, analazwa kitandani, mapazia yanafungwa, wageni wanapandishwa chumbani kunong'ona pole. Kisha Sybil anarudi na kusimama mbele yao wote. Basil anawaeleza kwamba huyo ni mwanamke mwingine anayefanana naye, anamwongoza jikoni kwa heshima zote, na kumfungia kabatini.

Itazame tena na hesabu. Hakuna hatua hata moja ambayo mtu mwenye hofu asingeichukua. Ndiyo maana miaka 50 haijaichakaza: mizaha ya siasa za 1975 imekufa na wanasiasa wake, lakini mume anayeongeza tofali juu ya uongo wa jana bado yupo kila mtaa. John Cleese na Connie Booth, walioandika pamoja na kuigiza Basil na Polly, walitumia wiki nyingi kwa kila mswada. Walikuwa mume na mke walipoanza, wakatalikiana mwaka 1978, na mwaka uliofuata vipindi sita vipya vya watu wanaogombana vikaonyeshwa. Nani aandike ugomvi wa ndoa vizuri kuliko hao?

Ukiona mwongozo huu umetiwa chumvi, fahamu kwamba Basil ana asili. Mwaka 1970 Cleese na wenzake wa kundi la vichekesho la Monty Python walifikia hoteli ya Gleneagles, hapo hapo Torquay, ya Donald Sinclair. Kwa simulizi zao, Sinclair alimkosoa mwenzao Terry Gilliam, Mmarekani, jinsi anavyoshika uma mezani, na mkoba wa mwenzao mwingine, Eric Idle, akautupa nje akidhani una bomu. Ndani mlikuwa na saa ya kengele. Wenzake Cleese waliondoka. Yeye akabaki, akitazama. Familia ya Sinclair haikufurahia sifa hizo, nao siwalaumu.

Mwisho, jua siku ya kufunga. Hapa wenye hoteli na watunzi wa televisheni hukosea sawa: biashara ikishika, wanaongeza vyumba mpaka inachusha. Mwaka 2000 taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, iliipa Fawlty Towers nafasi ya kwanza kati ya vipindi 100 bora vya televisheni vya nchi hiyo, na mzigo mzima ni nusu saa mara 12. Kipindi cha mwisho kilirushwa Oktoba 1979. Humo mkaguzi wa afya anaagiza biskuti za kulia jibini, bati linafunguliwa mbele yake, na ndani panya anamtazama. Basil anazirai, Manuel anamburuta nje ya chumba cha kulia, na kwenye televisheni hoteli hiyo haikufunguliwa tena.