Mwalimu wa Hesabu na Mizani ya Pamba

Msimu wa pamba ukifika, mzazi wa Bariadi hadanganyiki: anakodolea macho mizani ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anazidisha kilo kwa bei kichwani, na shilingi mia ikipungua anaijua. Ila mwanawe akikwama kwenye Hisabati, somo lililozoea kushika mkia kwenye matokeo ya kidato cha nne, mzee huyohuyo anamchagulia mwalimu wa tuisheni kwa mng'ao wa viatu na ukali wa sauti. Sasa mzee wangu, kabla hujatoa hela ya tuisheni, mpe huyo mwalimu swali la kilo na bei. Hilo utalisahihisha mwenyewe.