Maiti ya Miaka 7

Saa ya Casio F-91W, iliyoingia sokoni mwaka 1989, hula betri moja ya CR2016 kwa takriban miaka 7. Betri ikiisha, mwenyewe huitangaza saa marehemu, kisha hununua saa janja inayotundikiwa chaja kila usiku kama mgonjwa dripu. Ati kubadilisha betri ni usumbufu! Skrubu 4 ndogo, kifuniko, kibati kinachoshika betri, basi. Watasema ikishafunguliwa itaingia maji. Itaingia kweli, ikiwa mpira wa kuzibia umekaa upande. Ukilazwa vyema kwenye mfereji wake, hauna kinyongo na mtu. Na ikigoma kuwaka, gusanisha kwa kibanio betri na sehemu iliyoandikwa AC. Hapo, nakubali, pana kusoma maandishi madogo, na huenda ndipo saa janja zinapopatia wateja.